Stoo Yetu ni Chama

Leo tuingie jikoni. Tuangalie kilichomo kabatini, kilichosukumwa chini ya kitanda, na kile ambacho hakipo kabisa kwa sababu mwisho wa mwezi bado uko mbali. Nataka tuzungumzie ofa za supamaketi na tabia ya kununua vitu kwa wingi na kuviweka nyumbani, hapa hapa kwetu Eastlands, Nairobi: Umoja, Kayole, Donholm, Dandora, Buruburu, Pipeline, Mathare.

Mwaka 2011 kituo cha televisheni cha TLC kule Marekani kilianza kuonyesha mfululizo wa vipindi uitwao Extreme Couponing. Walioonyeshwa walikuwa watu wa kawaida, wengi wao akina mama, waliokata kuponi magazetini, wakazipanga kwenye mafaili, kisha wakatoka dukani na matoroli yaliyofurika huku wamelipa pesa kidogo mno. Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba vizima vya rafu: sabuni, dawa ya meno, tambi, mikebe ya mboga, mpaka ukuta hauonekani. Jambo hilo liliwezekana kule kwa sababu kuponi nyingi hutolewa na kiwanda chenyewe, na duka likizipokea hurudishiwa pesa zake na kiwanda. Maduka mengine yaliongeza thamani ya kuponi mara mbili ili kuvuta wateja. Halafu mnunuzi ana gari la kubebea, ana friza ya kugandishia, na ana gereji ya kupanga rafu.

Kwetu kuponi za aina hiyo hazikushika mizizi. Tulicho nacho ni ofa za wikendi, kadi za pointi, na bango kubwa mlangoni linalosema nunua mbili upate ya tatu bure. Na tuna watu wanaojua ofa hizi kama wanavyojua namba za simu za ndugu zao. Huyu anajua ni supamaketi gani itateremsha bei ya mafuta Ijumaa, yule anajua ni lini mchele utaunganishwa na pakiti ya chumvi ya bure. Nawaheshimu watu hao. Kulisha nyumba Nairobi kunahitaji hesabu, na wanaoifanya hesabu hiyo kila wiki wanastahili kusikilizwa.

Lakini kabla hatujawasifu, tusimame kidogo nje ya duka la mtaani Kayole au Pipeline saa moja jioni, matatu zinapoteremsha watu waliotoka viwandani na kwenye kazi za mjengo. Sikiliza kinachosemwa dirishani. “Nipimie mafuta ya thelathini. Sukari robo. Majani ya kumi. Na nepi mbili.” Muuzaji anaipokea chupa ya mteja kupitia kwenye vyuma vya dirisha, anaiweka chini ya mdomo wa pampu iliyofungwa juu ya mtungi wa lita 20, anavuta mkono wa pampu mara moja, anaiinua chupa kwenye mwanga kuangalia, kisha anaongeza tone. Sukari ameshaipima tangu asubuhi, imefungwa kwenye karatasi na kupangwa safu. Nepi anazitoa moja moja kutoka kwenye pakiti iliyopasuliwa. Kando yake kuna mche wa sabuni umekatwa vipande, tishu zinauzwa kwa roli, na viazi viko mafungu mafungu kwa mama mboga wa hapo jirani. Mteja analipa kwa simu, anapanda ngazi hadi chumbani, na kufikia saa tatu usiku karibu kila alichonunua kimekwisha. Kesho saa moja jioni atasimama pale pale.

Huu ndio tunaouita uchumi wa kadogo, na ndio unaolisha sehemu kubwa ya Eastlands. Sasa tupige hesabu yake. Tuchukue mfano tu: kilo moja ya sukari iwe shilingi 160, na robo iwe shilingi 45. Anayenunua robo nne ametoa shilingi 180. Amelipa shilingi 20 zaidi kwa sukari ile ile, tena kwenye kitu kimoja. Fanya hivyo kwenye mafuta, majani, sabuni, unga, nepi na makaa, mwezi baada ya mwezi, uone ni kiasi gani kinamtoka mtu ambaye hana cha kupoteza. Anayepata kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila gramu. Hili ndilo linaloniuma katika habari nzima ya ofa.

Wapo wanaosema kwamba mtu wa kadogo hajui kupanga. Si kweli hata kidogo. Kibarua analipwa jioni, na mapato yake yana umbo la siku moja, kwa hiyo na matumizi yake yanachukua umbo hilo hilo. Ofa ya supamaketi inamtaka mnunuzi awe leo na pesa za kesho. Ukiambiwa lita tano za mafuta zimepunguzwa shilingi 200, faida hiyo ni ya yule aliye na bei nzima ya lita tano mkononi wakati huo. Aliye na shilingi 300 za kumaliza siku, bango hilo halimhusu, hata akilisoma kila asubuhi akipita kwenda kazini.

Na lipo jambo jingine ambalo supamaketi haiwezi kumpa. Muuzaji wa mtaani ana daftari. Mvua ikinyesha wiki nzima na mjengo ukasimama, mama atapimiwa unga na kuandikwa deni mpaka kazi irudi. Hakuna keshia wa supamaketi atakayemwandika. Kwa hiyo zile shilingi 20 za sukari si wizi mtupu; sehemu yake ni bei ya kuaminiwa. Nasema hivi ili tusije tukalibeza duka la mtaani. Kwa mamia ya familia kwenye ghorofa moja ya Pipeline, duka lile la chini ndiyo stoo yenyewe.

Sasa tuje kwenye kulimbikiza. Mwezi Mei 2017 bei ya unga wa mahindi ilipopanda mno, serikali ilitoa ruzuku, na pakiti ya kilo mbili ikawekwa shilingi 90. Foleni zilijaa supamaketi, na maduka mengi yakaweka kikomo cha pakiti mbili kwa kila mteja. Mwezi Julai 2022 hali ikajirudia: serikali ikatangaza kuteremsha pakiti ya kilo mbili kutoka shilingi 205 hadi 100, na wengi waliofika madukani waliambiwa unga wa bei hiyo haupo. Tukumbuke jinsi mambo hayo yanavyokwenda mtaani. Mwenye nafasi ya kupanga foleni saa nne asubuhi ndiye anayebeba. Mwenye watu watano nyumbani wa kutuma, kila mmoja na pakiti zake mbili, anabeba zaidi. Dada anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo mpaka jioni anakuta rafu tupu, naye ndiye ambaye ruzuku ililetwa kwa ajili yake. Pakiti ya kumi chini ya kitanda changu, wakati wa uhaba, ni pakiti iliyokosekana kwenye meza ya jirani yangu. Hapo ujanja wa kununua unageuka dhuluma, hata kama mnunuzi amelipa kila senti.

Hata hivyo, sitaki mtu aseme nimepinga akiba ya chakula. Mtu wa Eastlands ana sababu ya kuweka. Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, nyumba nyingi hununua unga, maharagwe na mishumaa, kwa sababu wanakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi mwanzo wa mwaka 2008, maduka yalipofungwa na njia zikawa hazipitiki. Tarehe 6 Mei 2020, wakati wa Korona, serikali ilifunga mtaa wa Eastleigh, watu wasiingie wala kutoka. Aliyekuwa na chakula ndani siku ile alipata nafasi ya kuvuta pumzi. Aliyekuwa akiishi kwa robo na nusu alianza kuhangaika jioni ile ile. Kwa hiyo akiba ya wiki mbili au ya mwezi mmoja ni ngao, na kila familia inastahili kuwa nayo. Swali ni jinsi ya kuipata bila kujiumiza na bila kuwaumiza wengine.

Kujiumiza kupo kwa namna nyingi. Ya kwanza ni chakula chenyewe kuharibika. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli kwa maana yao, lakini mahindi yanaoza, na yakioza huua. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu yalihusika sana. Mahindi ya kuhifadhiwa yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sasa fikiria chumba kimoja cha Mathare au Pipeline. Ndani yake watu wanapika, wanaanika nguo, wanalala watano, na dirisha linatazama ukuta wa ghorofa jirani. Gunia la mahindi kwenye chumba kama hicho, limewekwa chini kwenye simiti, linanyonya jasho la nyumba nzima. Ukianika na kuchagua, huenda ukaondoa fukusi. Sumukuvu huioni kwa macho, na moto wa sufuria hauimalizi.

Ya pili ni mafuriko. Aprili 2024 maji ya Mto Mathare yaliingia majumbani usiku, yakaua watu na kubeba vitu. Anayeishi karibu na mto akiweka akiba yake yote sakafuni, amewekeza kwenye njia ya maji.

Ya tatu ni pesa. Bidhaa iliyolala chini ya kitanda haiwezi kulipa karo wala kumpeleka mtoto hospitali usiku. Tangu Januari 2019 huduma ya mkopo wa simu ya Fuliza imetuwezesha kulipa hata salio likiwa limekwisha, na wako wanaoitumia kukimbilia ofa. Hapo nasema wazi: ofa iliyonunuliwa kwa mkopo wa simu si ofa. Ada ya mkopo huongezeka siku zinavyopita, na punguzo lako la shilingi 50 linamezwa kabla hujafungua pakiti. Pointi nazo zina hatari yake. Supamaketi ya Nakumatt, ambayo kadi yake ya pointi ilikuwa ndani ya pochi nyingi za jiji hili, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa. Tuskys nayo ikazama kwa madeni ikiacha rafu wazi. Pointi ni ahadi ya duka, na ahadi haiishi kuliko aliyeitoa. Ukizipata, zitumie mapema.

Sasa niwaambie nilichokiona kikifanya kazi. Eastlands ina jibu lake, nalo ni la zamani kuliko kadi zote za pointi. Jibu hilo ni chama.

Nenda Soweto ya Kayole Jumamosi ya kwanza ya mwezi, uingie kwenye ploti ambayo akina mama wake wamejipanga. Wamekuwa wakichanga kidogo kidogo kila siku, shilingi 50 au 100, kila mmoja kwa uwezo wake, na mweka hazina anaandika kwenye daftari mbele ya wote. Wawili wametumwa alfajiri kwenda Nyamakima kwa wauzaji wa jumla wa nafaka. Wanarudi na gari la Probox limelala kwa uzito. Beli za unga zinashushwa, kila beli ina pakiti 12 za kilo mbili. Unashushwa mfuko wa sukari wa kilo 50, mtungi wa mafuta wa lita 20, na katoni ya sabuni ya mche. Shuka safi inatandikwa uani. Mizani inawekwa juu ya stuli, na kabla ya kupima chochote mmoja anaweka pakiti ya unga iliyofungwa kiwandani ili wote waone kwamba mshale unasimama kwenye mbili. Mwingine anashona midomo ya mifuko midogo. Watoto wanafukuzwa wasikanyage shuka. Kila fungu likijaa, jina linaitwa, mwenye jina anatia alama kwenye daftari, anabeba. Anayebaki na deni la mchango anapewa fungu dogo linalolingana na alichotoa, bila kusimangwa. Sukari iliyomwagika inakusanywa na kupewa nyanya wa ploti.

Angalia nini kimetendeka hapo. Yule mama aliyekuwa akinunua robo sasa amenunua kwa bei ya jumla, na bado ametoa pesa zake kwa mtindo wa kadogo, kila siku kidogo. Nauli imegawanywa. Tuseme beli moja ya jumla inaokoa shilingi 150 ukilinganisha na bei ya rejareja. Ukienda peke yako kutoka Kayole hadi Nyamakima na kurudi na boda, nauli imezidi ulichookoa, umepata hasara na uchovu. Nyumba kumi na mbili zikienda pamoja, kila moja na beli yake, zimeokoa shilingi 1,800 kwenye unga pekee. Ongeza sukari, mafuta, mchele na sabuni, toa kodi ya gari, na bado kila nyumba inabaki na kitu. Halafu hakuna chumba kinachogeuka ghala. Kila mmoja ana chakula cha mwezi, kinakwisha kabla fukusi hajakijua. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa vibaba vimejaa nyumba kumi na mbili kwa siku moja.

Ndiyo maana nasema stoo ya mtu wa Eastlands ni watu anaoishi nao. Mmarekani wa kwenye televisheni anahifadhi kwenye gereji kwa sababu gereji anayo. Sisi tuna ploti, tuna ngazi moja tunayopanda wote, tuna bomba moja na kamba moja ya nguo. Tukizitumia vizuri, zinatuhifadhi kuliko rafu.

Kwa anayetaka kuanza, au aliye tayari kwenye chama, nina mashauri machache.

Anzeni na vitu visivyooza: sabuni, tishu, chumvi, viberiti. Unga na nafaka nunueni vya mwezi mmoja, visizidi hapo. Viwekwe juu ya ubao au kreti, mbali na ukuta, na cha zamani kitumike kabla ya kipya. Someni tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, hasa kwenye ofa, kwa maana bei mara nyingi huteremshwa kwa sababu tarehe imekaribia. Someni gramu pia. Pakiti mbili zinaweza kufanana kwa umbo na rangi, moja ikawa na gramu 900 na nyingine kilo kamili. Pesa za chama ziwe na watia sahihi watatu, na daftari lifunguliwe mbele ya wote kila mkutano, kwa maana vyama vingi vimevunjwa na kimya cha mweka hazina. Na msikatize uhusiano na duka la chini. Endeleeni kununua pale maziwa, mkate na nyanya, kwa sababu siku ya dhiki ni daftari lile litakalowafaa.

Nina neno pia kwa wenye supamaketi na kwa viwanda. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa anazonunua. Basi andikeni kwenye kila rafu bei ya kilo moja au ya lita moja, kwa herufi zinazosomeka, ili mama ajue papo hapo kama pakiti kubwa ni nafuu kweli au ni kubwa tu. Na mkitoa ofa, wekeni kikomo cha kiasi kwa kila mnunuzi, na mbakishe sehemu ya mzigo kwa ajili ya saa za jioni, ili anayetoka kazini naye aikute. Mnajua saa ambayo Eastlands hurudi nyumbani. Foleni zenu wenyewe zinawaonyesha.

Na kwa wenye nyumba: ghorofa yenye vyumba themanini haikosi pembe moja kavu chini ya ngazi. Mkiwapa wapangaji pembe hiyo, yenye mlango na kufuli, chama chao kitapata mahali pa kuweka beli, na mpangaji anayekula vizuri hulipa kodi kwa wakati.

Desemba huwa tunanunua kama dunia inafungwa, halafu Njaanuari inatukuta na karo, kodi na kabati tupu. Mwaka huu tusingoje Desemba. Wiki hii gonga milango mitatu kwenye ngazi yako. Waulize wanatumia pakiti ngapi za unga kwa mwezi, na wananunua kwa bei gani. Andikeni majibu kwenye karatasi moja, mjumlishe. Mkishaiona jumla hiyo mtajua kwamba ninyi wanne, mnaonunua robo na nusu dirishani, kwa pamoja ni wateja wakubwa, na muuzaji wa jumla atawapokea hivyo. Kubalianeni mchango wa kila siku ambao hata mwenye kidogo kabisa kati yenu anaumudu, na mwanze na huo.